Faraday House au Finsbury? Tuseme ni 1892, uko London na unataka kuwa injinia wa umeme

Jibu fupi kwanza kwa wasio na mda: kama mzee wako ana hela na wewe unataka uje kusimamia steshen ya kuzalisha umeme, nenda Faraday House. Kama mchana uko kazini na mfukoni pana upepo, nenda Finsbury, tena ile ya jioni.

Walio na mda tukae tuongee. Ivi vyuo viwili watu wanavichanganya sana, na siwalaumu, vyote vilikuwa London, vyote vya umeme, vyote vimeshakufa, alafu majina yote yanaanza na F, ila ukiingia ndani ni vitu viwili tofauti kabisa na kila kimoja kilikuwa na mtu wake. Nimechagua 1892 kwa sababu mwaka huo vyote viwili vipo hai na umeme wenyewe bado mtoto, yani unachagua ukiwa gizani kama dogo yeyote anayechagua chuo, hujui nini kitakufa na nini kitaishi.

Hali ilivyokuwa mtaani

Edison aliwasha steshen yake pale Holborn Viaduct Januari 1882, miezi kadhaa kabla hata ya ile ya New York. Watu wakachangamka, wakaanza kununua hisa, alafu mwaka huohuo ikaja sheria ya taa za umeme inayosema kampuni ikijenga mitambo, halmashauri ya mji inaweza kuinunua baada ya miaka 21 kwa thamani ya vifaa vilivyopo siku hiyo. Sasa nani mwenye akili zake aweke hela chini, achimbe barabara, alaze nyaya, apigane na mashabiki wa gesi, alafu biashara ikianza tu kulipa achukuliwe kwa bei ya vyuma? Hela zikakauka. 1888 bunge likairekebisha sheria, miaka 21 ikawa 42, na hapo ndo kampuni zikaota kama uyoga baada ya mvua.

Hela zipo, vibali vipo, ila wa kuendesha hamna. Waliojua umeme kabla ya hapo walikuwa watu wa telegrafu, hasa wa nyaya za baharini, hata ule waya uliofika Unguja mwaka 1879 kutokea Aden ulilazwa na watu wa aina hiyo. Ni wajanja kwelikweli, mtu anakaa chumbani ufukweni na kale kapima umeme kake anakwambia waya umekatika maili kadhaa huko baharini na anakuwa sahihi, ila huyohuyo ukimpeleka kwenye injini ya mvuke inayozungusha dainamo kubwa anasimama mlangoni. Na fundi wa injini za mvuke naye, mpe waya uliopiga shoti ndani ya ukuta uone atakavyokimbia. Kilichokuwa kinatafutwa ni mtu aliye hao wawili kwa mpigo, na vyuo vikuu vya Uingereza wakati huo mambo ya uinjinia vingi vilikuwa bado vinayaangalia kwa jicho la pembeni.

Faraday House

Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa refu mpaka unapumua katikati: Taasisi ya Umeme ya Kusanifisha, Kupima na Kufundisha. Angalia mpangilio wa maneno hayo. Kusanifisha (yani kufanya vipimo vya kila mtu viwe sawa), kupima, ALAFU kufundisha. Mimi hapo ndo naona siri yote ya mahali pale. Ilianza 1889 kuelekea 1890, kwenye jengo la Charing Cross Road ambalo lilipewa jina la Michael Faraday, yule mwanasayansi mkubwa wa umeme, baadaye wakahamia Southampton Row na jina wakabeba. Aliyeiongoza miaka ya mwanzo ni Hugh Erat Harrison.

Mtu anaweza kuuliza kwani kupima kuna nini cha kuanzishia taasisi. Kuna mengi. Rudi nyuma 1858, waya wa kwanza wa kuvuka Atlantiki umelazwa, malkia wa Uingereza na rais wa Marekani wametumiana salamu, watu wamerusha fataki, alafu bwana mmoja anaitwa Whitehouse aliyekuwa fundi mkuu wa umeme wa mradi, ambaye kitaaluma alikuwa daktari wa kutibu watu, akaona mawimbi yanafika dhaifu akaamua kuusukumia volti kubwa, inasemwa zilifika 2,000 hivi. Ndani ya wiki chache waya ukafa. Maili elfu mbili za shaba na gutta-percha (utomvu wa mti uliokuwa unavishwa waya usivuje umeme) zimekaa chini ya bahari hazina kazi. Ikaundwa tume, na moja ya vitu vilivyoonekana wazi ni kwamba hakuna aliyekuwa anapima kwa utaratibu, kila mtu na kipimo chake.

Kipimo chenyewe nacho kilikuwa balaa. Leo ukisema omu moja, kile kipimo cha ukinzani wa waya, ni omu moja, Mwanza au Mombasa. Miaka ile kulikuwa na omu ya kamati ya wanasayansi wa Uingereza ya miaka ya 1860, baadaye mwanasayansi Rayleigh akapima upya akakuta imepungua zaidi kidogo ya asilimia moja, ikaja omu nyingine ya 1884 waliyokubaliana Paris, alafu 1893 kwenye mkutano wa Chicago wakaweka nyingine tena, ile ya safu ya zebaki ya sentimita 106.3. Uingereza wakaiingiza kwenye sheria 1894. Kwa iyo wewe wa 1892 unasoma katikati ya omu tatu! Kampuni ikinunua waya kutoka kiwandani, karatasi inasema umepimwa, swali la kwanza ni umepimwa kwa omu ya nani.

Na mita je? Mita ya Edison ilikuwa ni chupa yenye dawa na vipande vya zinki, kila mwezi jamaa anakuja anachukua vipande anaenda kuvipima kwenye mizani, uzito ukibadilika ndo bili yako. Wewe unayelalamika luku inakimbia hebu fikiria unabishana na mtu ameshika mzani wa zinki. Mteja haamini, kampuni haiamini, kampuni za bima ya moto nazo zinaogopa wayaringi (mwaka 1882 tayari bima ya Phoenix ilishatoa masharti yake ya namna ya kupitisha nyaya nyumbani). Wote hao wanahitaji mtu wa kati ambaye hauzi waya wala hauzi mita, yeye anapima tu na kutoa karatasi. Maabara ya taifa pale Teddington ilikuja kufunguliwa 1902, kwa iyo kabla ya hapo kulikuwa na pengo kubwa, na nyumba kama Faraday House ndo iliingia humo.

Sasa kwa mwanafunzi maana yake ni nini, maana yake darasa lako liko nyumba moja na chumba ambacho vitu vya kweli vya kampuni za kweli vinaletwa kujaribiwa. Sio bodi ya mazoezi yenye taa mbili na swichi. Hiyo tofauti aliyepita chuo cha ufundi anaijua bila kuelezwa.

Alafu kuna ile kozi yao ya sandwichi, wao ni kati ya walioanza mapema kabisa: unasoma chuoni, unatolewa unapelekwa kiwandani kwenye mashine ukachafuke, unarudi chuoni, unatolewa tena. Kwetu tunaita fildi, Kenya wanaita atachimenti, ila kwetu mara nyingi inawekwa mwishoni kama pilipili ya kuonjea. Mimi fildi yangu nilikaa miezi miwili sehemu ambayo siitaji, nilijifunza kuchemsha chai ya ofisi nzima na kubeba ngazi, siku ya mwisho ndo nikaruhusiwa kushika mega, kile kifaa cha kupimia kama waya unavujisha umeme. Mpango wa Faraday House ulikuwa mazoezi yako katikati ya masomo, ukirudi darasani una maswali, na hilo linabadilisha kila kitu kwa sababu mwalimu hawezi kukudanganya tena kuhusu beringi iliyopata moto.

Ubaya wake? Hela. Ilikuwa taasisi binafsi, inajiendesha kwa ada na malipo ya upimaji, sio mahali mtoto wa mbeba makaa anaingia tu na kiu yake ya elimu. Na ilikuwa ya watu wa umeme mkubwa, uzalishaji na usambazaji. Kama akili yako iko kwenye vitu vidogovidogo, vyombo vya kupimia vyenyewe, kemia, utafiti, ungejiona umebanwa.

Finsbury

Hii imetoka mlango mwingine kabisa. Vyama vya zamani vya wafanyabiashara na mafundi wa jiji la London, vile vyenye majumba na hela za karne na karne, vilikuwa vinasemwa sana kwamba vimekaa vinakula pilau tu, kwa iyo 1878 vikaunda taasisi ya elimu ya ufundi, City and Guilds. Ndiyo, hiyohiyo. Kama una baba mdogo au babu aliyesoma ufundi enzi za ukoloni au miaka ya mwanzo ya uhuru, muulize cheti chake, wengi walifanya mitihani ya City and Guilds hapahapa kwetu na wakatembea na hizo karatasi kifua mbele maisha yote.

Walianza 1879 kwenye vyumba vya kuazima mtaa wa Cowper, mwalimu wa fizikia William Ayrton, wa kemia Henry Armstrong. 1883 jengo lao la Leonard Street likafunguliwa. Ayrton ni mtu wa kumwangalia kwa makini, alikuwa ametokea Tokyo, alifundisha chuo cha uinjinia cha serikali ya Japani tangu 1873, na mwenzake John Perry naye alitoka hukohuko. Yani namna ya kufundisha kwa maabara, mwanafunzi ashike mwenyewe kabla ya kuambiwa, waliijaribu kwanza Japani ndo wakaileta Uingereza. Watu wanadhani elimu ya ufundi siku zote inatoka kwa Wazungu kwenda kwa wengine, hapa ilirudi kutoka Asia. Perry ndo yule aliyekuwa anapigania wanafunzi watumie karatasi za miraba kuchora grafu, kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida kama chumvi, na hao wawili ndo walitengeneza ampmita na voltmita za mwanzo za kubebeka mkononi. Kwa iyo ukitaka kuweka kwa kifupi, Finsbury ndo wanakobuni chombo, Faraday House ndo wanakojaribu kama chombo kinasema kweli. Sio sahihi mia kwa mia lakini inasaidia kukumbuka.

1885 akaja mkuu Silvanus Thompson akakaa hadi kufa kwake 1916. Huyu alikuwa mwalimu jamani. Alikuwa na kipaji cha kuchukua kitu kigumu akakifanya mtu wa kawaida akicheke, 1896 alipewa mihadhara ya Krismasi ya watoto pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mihadhara ambayo ilianzishwa enzi za Faraday mwenyewe. Na kichekesho ni kwamba 1898 aliandika wasifu wa Faraday. Chuo kimoja kina jina la Faraday mlangoni, cha pili kina mtu aliyemjua Faraday ndani nje.

Ila kikubwa kwangu ni madarasa ya jioni. Fundi ametoka kazini, ameoga au hajaoga, anaingia anasikiliza mtu yuleyule anayefundisha wa mchana. Hapo ndo alipopita Hertha Ayrton, wakati huo anaitwa Sarah Marks, binti wa fundi saa aliyekuwa mhamiaji kutoka Poland, alisoma umeme Finsbury jioni mwaka 1884 kwa Ayrton, mwaka uliofuata wakaoana, na baadaye akatatua kwa nini taa za arki (zile za umeme unaoruka kati ya ncha mbili za kaboni) zinapiga mluzi na kupepesuka. 1899 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wa taasisi ya mainjinia wa umeme ya Uingereza. Faraday mwenyewe, kumbuka, alikuwa mtoto wa mhunzi aliyefundishwa kujalidi vitabu miaka saba, hajakanyaga chuo kikuu, alipata tiketi za mhadhara kwa hisani ya mteja. Huyo angezaliwa upya 1892 angeenda wapi? Tuwe wakweli, Faraday House asingeiweza, ada. Angekuwa Leonard Street saa moja jioni.

Ubaya wa Finsbury ni kwamba mazoezi yake yalikuwa ndani ya maabara. Nzuri, za kisasa, lakini maabara. Ukimaliza bado kuna mtu lazima akuchukue kiwandani akufundishe upya jinsi ya kusimama karibu na mkanda unaozunguka bila kupoteza shati. Na wakubwa wa City and Guilds walikuwa wamejenga chuo kingine kikubwa zaidi South Kensington, kilifunguliwa 1884, na Ayrton mwenyewe akahamia huko. Ukiona mwalimu nyota anahamishiwa jengo jipya jua hela nazo ziko njiani.

Tuviweke bega kwa bega

Mwalimu: mwaka 1892 Finsbury inashinda, Thompson hana mpinzani. Faraday House ilikuja kupata mtu mzito baadaye, Alexander Russell, alikuwa bingwa wa hesabu za AC (umeme unaogeuzageuza mwelekeo) na nyaya za volti kubwa, aliiongoza kwa miongo mitatu hivi tangu 1909 na akawa rais wa taasisi ya mainjinia wa umeme 1923. Ila wewe wa 1892 hutamkuta.

Kupata kazi: Faraday House, bila ubishi. Kampuni zinazoleta vitu kupimwa ndo hizohizo zinazopokea wanafunzi wa sandwichi, kwa iyo siku unamaliza unajulikana. Baadaye diploma yao ikawa na herufi zake, DFH, mtu anaziandika baada ya jina.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kichwa kigumu. Serikali ilipokuja kuhesabu kuelekea mwisho wa vita ya kwanza ya dunia, London peke yake ilikuwa na wasambazaji umeme 70 hivi, masafa 10 tofauti (yani kasi ya umeme kugeuka mwelekeo kwa sekunde) na volti 24 tofauti. Unahama nyumba mtaa wa pili, pasi yako haifanyi kazi. Sasa fikiria injinia anayehama kampuni. Aliyelelewa kwenye chumba cha kupimia anauliza kwanza hapa mna volti ngapi, aliyelelewa kwenye kitabu anachomeka.

Paris: najua kuna atakayeuliza mbona sijaitaja. Wafaransa walifanya maonyesho makubwa ya umeme 1881, yakabakiza faida, faida hiyo wakaanzishia maabara kuu ya kupimia, na 1894 kutoka kwenye maabara hiyo ikazaliwa shule, ile iliyokuja kuitwa Supélec. Ni wazo lilelile la Faraday House, kupima kwanza na kufundisha baadaye, ila ni miaka miwili mbele na ni ya waliokwisha kusoma uinjinia tayari. Kama huna Kifaransa na huna digrii ruka.

Uhai wa chuo: Finsbury ilifungwa 1926 kwa kukosa hela, mwaka uleule ambao sheria ilipita ya kuunganisha umeme wa nchi nzima kwenye gridi moja. Faraday House ikaenda hadi 1967, miaka 100 kamili baada ya kifo cha Faraday, wakati huo vyuo vyenye mfuko wa serikali vilishachukua kila kitu mpaka hiyo sandwichi yenyewe. Kile cha South Kensington ndo kilipona, mwanzoni mwa karne ya 20 kikaingia ndani ya Imperial, chuo cha London ambacho kipo hadi leo. Lakini msichague chuo kwa kuangalia nani atakufa baada ya miaka 75, bana, wewe mwenyewe utakuwa ushastaafu.

Kwa iyo

Una ada na unajua unataka steshen za umeme: Faraday House, usisite. Una ada ila hujui unataka nini: Finsbury ya mchana, Thompson atakusaidia kujua. Huna ada: Finsbury ya jioni, na ujiandae kusinzia. Una kichwa cha hesabu kuliko mikono na una uvumilivu: South Kensington kwa Ayrton. Mwanamke: Finsbury, mlango wake ulishafunguliwa na mtu mnayemjua.

Na siku ukienda kuulizia, iwe Charing Cross Road au Leonard Street, usianze na ada. Omba wakuonyeshe chumba cha kupimia. Angalia galvanometa, kile kapima umeme. Ukikuta imewekwa kwenye kabati la kioo na funguo anayo mtu ambaye leo hayupo, geuza, panda gari la farasi urudi nyumbani.